Popote Isipokuwa Mpemba

Kwa watu wa Kamsamba, makao makuu ya nchi ni Tunduma. Dodoma wanaisikia redioni na Dar es Salaam wana shangazi zao huko, lakini mtu akisema "naenda mjini" akiwa kule bondeni kwenye joto na mpunga, anamaanisha Tunduma, mpakani, penye malori yaliyopanga foleni na wachuuzi wanaouza kila kitu isipokuwa usingizi. Na mahali pakishaitwa mjini, kodi za nyumba nazo huanza kuringa.

Bugalama alilijua hilo, ila alilisahau kwa sababu alikaa kwa mzee Damiano miaka mingi bila ugomvi. Alikuwa Msukuma wa Kamsamba, wa wale waliohamia huko na ng'ombe wa baba zao, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo, muuza mchele katika soko la Tunduma. Mkewe Fausta, Mnyamwanga, alishona nguo barazani. Mtoto wao mmoja, Nesta, ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma, na alisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti ya mhubiri.

Jioni moja ya mwaka 2013 mzee Damiano aliingia, akaketi, akakataa chai. Mwenye nyumba akikataa chai, ujue kuna jambo.

"Baba Nesta," alisema, "ninyi ni watu wema sana."

Hapo Bugalama akajua wamefukuzwa.

Na kweli. Mzee alikuwa anageuza vyumba vyote kuwa gesti ya madereva wa malori, maana dereva hulala usiku mmoja akalipa, wakati mpangaji hulala mwezi mzima akaomba asubiriwe. Mwezi ukiisha, wawe wametoka. Walizunguka mji mzima wakakuta chumba kimoja kisicho na dirisha kinataka kodi ya nyumba nzima, tena ya mwaka, tena mkononi. Tunduma ilikuwa imewashinda. Ilibaki kufanya kama wengi walivyofanya, kwenda kuishi pembeni na kuja mjini kila siku kutafuta riziki.

"Na tusipopata?" aliuliza Fausta.

Bugalama alikuwa ameshalifikiria hilo. "Wewe na Nesta mtaenda Kamsamba kwa kaka Makene. Mimi nitalala stoo, juu ya magunia. Nitakuja sikukuu."

Fausta aliweka mkasi chini. "Baba Nesta, mimi sikuolewa nionane na mume wangu sikukuu kwa sikukuu."

Hata Bugalama mwenyewe wazo hilo lilimuuma. Mtu mzima aliyezoea kulala huku anasikia mwanawe akiongea ndotoni, leo akalale na panya wa mchele! Lakini nyumba haitafutwi kwa kuumia, inatafutwa kwa miguu, na kila Jumapili baada ya kanisa wakawa wanatoka.

Walianza na Nakonde, upande wa Zambia, ambako ni kuvuka geti tu. Fausta alikuwa na binamu yake huko, Watson, aliyewatembeza kwa madaha kama anayeuza nchi nzima. "Shemeji, huku bei nafuu, mukwai, bwana wangu! Asubuhi unavuka, jioni unarudi, mchezo." Chumba kilikuwa kizuri. Lakini geti lina saa zake, na mchele hauna saa. Bugalama alijiona amesimama jioni upande wa huku, mkewe upande wa kule, wanapungiana mikono katikati ya askari wa nchi mbili. Tena Nesta angesoma na kuimba wimbo wa taifa la watu. Wakamshukuru Watson, wakala samaki wake, wakarudi.

Wakaenda Vwawa. Ah, Vwawa pana baridi tamu, kahawa, na maji yanayotoka bombani bila kubembelezwa. Fausta alipapenda. Ila ni mbali, nauli ya kwenda na kurudi ingemeza faida yote, na wanunuzi wa kutoka Zambia huja mapema. Muuza mchele anayefika jua likiwa juu atakuta wenzake wanahesabu pesa za magunia waliyokwisha uza. Chapwa ni karibu, lakini watu wote waliofukuzwa Tunduma walikuwa wameshafika huko kabla yao, na kodi imewafuata nyuma nyuma.

Basi kila waliyemuuliza alijibu neno moja. Muuza majembe wa kibanda cha jirani sokoni alisema, kondakta alisema, hata mzee Damiano mwenyewe alisema, kwa huruma za mwenye kosa.

"Si mwende Mpemba?"

Mpemba ni mji mdogo kwenye barabara ya kwenda Mbeya, si mbali na Tunduma, ardhi tele, kodi ya kistaarabu, na magari ya abiria hayakatiki tangu alfajiri. Mtu mwenye akili zake angeanza huko. Lakini kila mara jina hilo lilipotajwa, Bugalama alipata sababu. Mara Mpemba kuna upepo. Mara vumbi. Siku moja alisema kuna nyoka, na muuza majembe, mzaliwa wa huko huko Mpemba, akamtazama kwa muda mrefu.

"Popote," Bugalama alisema, "popote isipokuwa Mpemba."

Fausta alisikia, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Mama yake, Enesi, aliishi Mpemba.

Sasa wala msimcheke Bugalama haraka. Huyu ni mtu aliyefukuza fisi zizini akiwa na fimbo tu. Lakini kwao mtu na mama mkwe wake hawaonani hivi hivi. Ukimwona anakuja, unaacha njia. Humtazami usoni, huli kwake, huketi alipoketi, mpaka siku atakapokuita mwenyewe, nawe uende na zawadi ya jembe, heshima ile ifunguliwe muwe mama na mwana. Bugalama alisubiri kuitwa. Ng'ombe wa mahari walipelekwa, harusi ikafungwa, baba yake Fausta akafariki muda mfupi baadaye, msiba ukapita, na wito haukuja. Miaka saba ikapita hivyo. Kila mavuno alimpelekea mama mkwe mchele mzuri kuliko wote kwa mkono wa Fausta, na yeye mwenyewe hakukanyaga Mpemba.

Mara moja tu mama Enesi alitokea sokoni bila taarifa. Bugalama alimwona kwa mbali, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, halafu akajitupa nyuma ya magunia akalala chini. Alilala hapo mpaka mama yule alipomaliza kununua chumvi. Wateja wawili waliondoka kwa hasira wakidhani duka limefungwa. Muuza majembe alicheka wiki nzima.

Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni ndipo Fausta alipokwenda Mpemba peke yake. Alirudi uso unang'aa.

"Nimepata nyumba. Vyumba vitatu, jiko nje, na kisima. Ya kijana mmoja, Danford, anakwenda Saza kutafuta dhahabu. Hataki kodi kubwa, anataka mtu wa kuitunza. Baba Nesta, ni yetu kabisa."

"Iko wapi hapo Mpemba?"

"Jirani na mama. Kisima wanachangia."

Bugalama aliona yote kwa mara moja. Asubuhi ndoo, mama mkwe kisimani. Jioni ndoo, mama mkwe kisimani. Njia moja, nyembamba, na yeye amelala kwenye majani pembeni kila siku ya Mungu mpaka uzee.

"Paa lake linavuja," alisema.

"Hujaliona."

"Nyumba za Mpemba zinavuja."

Fausta alisimama. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na siku hiyo pia hakupiga, ila sauti ilitetemeka. "Sema ni mama yangu. Mwezi unaisha, mtoto wangu anakwenda kulelewa Kamsamba, na wewe unanitajia paa! Mama yangu amekukosea nini?"

Mficha uchi hazai. Bugalama aliketi kwenye kigoda, mtu mzima mwenye mabega yale, akayasema yote akitazama vidole vyake vya miguu. Kwamba hamchukii. Kwamba anamheshimu mpaka anaogopa. Kwamba kwao mkwe haendi mpaka aitwe, naye hakuitwa, na akadhani labda kwao Fausta walimwona ni mchunga ng'ombe tu, hafai kuitwa.

Fausta akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akawa anajifuta kwa kitambaa cha mteja.

"Baba Nesta! Kwetu mama mkwe haiti! Kwetu wazee wa mwanamume ndio huleta neno, wanauliza, 'Moto utawaka lini?' Ndipo wanawake wa ukoo wanapika kila tunachokula, wanampelekea mkwe, wanamwonyesha moto wa nyumbani kwao. Tangu siku hiyo anakula kwao na kukaa nao. Mama amekaa miaka saba anasubiri hilo swali! Mimi niliwahi kukuuliza, ukanijibu, 'Kwetu mkwe haendi.' Nikajua ndiyo mila yenu, basi."

"Ndiyo mila yetu. Haendi mpaka aitwe."

"Hukumalizia!"

"Hukuuliza zaidi!"

Kuuliza si ujinga, lakini watu waliooana huona haya kuuliza wanachodhani wanakijua.

"Mshenga wetu alikuwa nani?" Bugalama aliuliza polepole.

"Lusajo."

Wote wawili wakashika vichwa. Lusajo alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, rafiki mzuri, fundi wa maneno, aliyeyajua mambo ya wakwe kama yanavyofanywa kwao Tukuyu tu. Wasukuma walimwambia, "Waambie tunasubiri." Wanyamwanga walimwambia, "Waambie tunasubiri." Naye akaona hayo ni maneno ya kheri, akayafikisha kila upande hivi: "Wanawasalimia sana."

Kesho yake Fausta alikwenda Mpemba. Aliporudi, Bugalama alimuuliza mama kasema nini, akajibiwa kwamba cherehani inataka mafuta. Alipouliza habari ya nyumba ya Danford, akaambiwa subiri. Kusubiri tena! Siku zilizofuata alipima mchele kama mgonjwa, akiwaza nyumba ameikataa kwa kinywa chake, na mwenye nyumba yuko njiani kwenda Saza.

Jumamosi, soko likiwa limechangamka, vigelegele vilisikika kutoka upande wa barabara kuu. Bugalama aliinua kichwa. Wanawake walikuwa wanakuja kwa mstari, vyungu vichwani, khanga mpya viunoni, wakiimba Kinyamwanga. Dereva mmoja wa lori alipiga honi kuwaitikia. Mbele kabisa alikuwa Nesta, akisoma vibao vya maduka kwa sauti, na nyuma ya wote alikuwa mwanamke mfupi mwembamba, kilemba cheupe, ameinamisha uso.

Bugalama aligeuka kutazama stoo yake. Ilikuwa na mlango mmoja, na mlango wenyewe ndio huo wanaouelekea. Nyuma ya magunia palikuwa na nafasi, ile ile.

"Leo usilale, jirani," alisema muuza majembe.

Kuyaona majembe ya jirani kukamwamsha. Bugalama alinyoosha mkono, akachukua jembe jipya kutoka kwenye rundo la jirani yake, akalificha nyuma ya mgongo.

Wanawake wakatua vyungu mbele ya kibanda, kimoja kimoja, na shangazi wa Fausta, mwenye sauti iliyozoea kuamuru misiba na harusi, akavifunua. "Mkwe, swali lenu limetufikia. Hiki ni ugali wa ulezi, ndio tunaokula. Haya ni majani ya maboga na karanga. Haya maharage. Huu uyoga, tunauanika wenyewe. Huyu kuku ni mzima, hakupunguzwa hata kidole, ni wako. Huu ndio moto wetu. Umeuona?"

"Nimeuona," alisema Bugalama kwa sauti yake ndogo.

"Basi onja."

Akaonja. Soko zima lilikuwa limesimama kumtazama mtu mzima akitafuna. Uyoga ulikuwa mtamu, akaongeza tonge. Halafu akatoa jembe nyuma ya mgongo, akapiga goti kama wanavyofanya kwao, akalishika kwa mikono miwili akalielekeza kwa yule mwanamke mwenye kilemba cheupe. Mama Enesi alilipokea. Kwa mara ya kwanza Bugalama akainua macho akamtazama mama mkwe wake usoni.

Alikuwa na mwanya. Mwanya ule ule wa Fausta, katikati kabisa. Miaka yote hiyo alikuwa anamkimbia mtu mwenye mwanya wa mkewe.

"Mkwe wangu," alisema mama Enesi, "siku ile nilipokuja kununua chumvi niliona miguu yako nyuma ya magunia. Nikasema, mtu huyu ana heshima sana, ila ni mrefu."

Soko likalipuka kwa kicheko. Bugalama alicheka nao, akacheka mpaka akashika gunia asianguke, na kitu kizito alichokuwa amekibeba kifuani tangu harusi yake kikamtoka hapo hapo, mchana kweupe, mbele za watu. Hata haya hakuona. Alijisikia mwepesi, na alikuwa na njaa.

Alipokuwa amemaliza paja la kuku ndipo alipokumbuka. "Mama... ile nyumba ya Danford. Imeshachukuliwa?"

Mama Enesi alifungua fundo la pindo la khanga yake, akatoa ufunguo. "Danford aliondoka juzi. Watu wawili walikuja kuitaka. Nikawaambia mpangaji yupo, ana aibu tu."

Fausta, aliyekuwa anapakua maharage, alifunika uso kwa mikono miwili, akasema, "Asante Mungu," mara kadhaa, mpaka Nesta akamwambia chakula kinapoa.

Wakahama kabla mwezi haujaisha. Mzee Damiano aliwasindikiza mpaka kwenye gari, na safari hii alikubali chai. Mpemba upepo upo, hilo Bugalama hakudanganya, lakini jioni ile ulipompiga usoni akiwa mlangoni pa nyumba isiyovuja, aliona upepo huo ni mzuri kuliko wote wa nchi hii. Alilala akisikia Nesta anaongea ndotoni. Hakuwaza panya, hakuwaza Kamsamba. Alilala usingizi wa mtu aliyesamehewa deni.

Asubuhi, giza likianza kufifia, alichukua ndoo akafungua mlango wa nyuma kwenda kuteka maji kabla ya kupanda gari la Tunduma. Hapo akasimama. Kulikuwa na njia mbili za kwenda kisimani. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, ngumu na nyeupe kwa kukanyagwa, ikipita mbele ya jiko la mama Enesi. Ya pili ilikuwa mpya. Udongo wake ulikuwa bado mwekundu, mizizi imekatwa vizuri kwa jembe, nayo ilizunguka mbali nyuma ya migomba, ikapanda na kushuka bila sababu yoyote anayoijua. Akaifuata kwa udadisi. Ilimfikisha kisimani kwa upande wa pili, na hapo katikati palikuwa na ua wa matete mabichi, umefungwa kwa kamba, mrefu kuliko mtu mrefu.

Upande wa pili wa matete mtu alikohoa.

"Ni wewe mama?"

"Ni mimi."

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Salama." Bugalama alishika matete. "Mama, njia hii ni ya nani?"

Sauti ikaja, yenye haya kuliko siku ile ya sokoni. "Ya kwako. Niliilima siku ile Fausta alipokuja kuiona nyumba mara ya kwanza. Nilijua utaikataa kwa sababu yangu. Nikasema, mimi nimezeeka, kuhama siwezi, lakini njia inahamishika. Angalau mjukuu wangu akae na baba yake. Kuonana na mimi si lazima."

Bugalama alisimama pale na ndoo yake. Alilikumbuka paa alilolisingizia na nyoka aliowabuni. Wakati yeye anatafuta maneno ya kuikataa nyumba hii, mwanamke huyu mwembamba alikuwa ameinama nyuma ya migomba na jembe la zamani, anamlimia njia ya kumkimbia.

Alishika ua wa matete kwa mikono miwili akaung'oa, fungu baada ya fungu, akauweka kando ukauke, uwe wa kuwashia moto. Akateka ndoo yake, akateka ya mama, akazibeba zote mbili, na wakarudi pamoja kwa njia ya zamani, ile ya mbele ya jiko, mama mbele na yeye nyuma, maji yakimmwagikia miguuni. Jikoni moto ulikuwa umeshawashwa. Aliketi, akala kiporo cha uyoga, akalikosa gari la kwanza la Tunduma.

Mvua zilipoanza, mama Enesi alichukua lile jembe la sokoni, akaigeuza njia mpya yote kuwa tuta la maboga.